UZI: Kampuni za nchi kama zetu zinavuka mpaka zikiwa na nini mkononi? (Kutoka Kisumu)

#1 Nyar Kano (mwanzisha uzi)

Wadau, habari za jioni. Uzi huu utakuwa mrefu, kwa hiyo nitauandika kwa vipande nikipata nafasi kati ya kazi.

Mimi nasaga njugu (karanga) hapa Kisumu, upande wa barabara ya Kibos. Tuko watu sita, mashine mbili za kusaga, kikaango kimoja kikubwa cha kuzungushwa na mota, na stoo. Tunatoa siagi ya njugu ya chupa za gramu 400 na vipakiti vya shilingi 20. Wiki iliyopita nimerudi kutoka Mbale, Uganda, na kwa mara ya kwanza sikurudi na mzigo. Safari tatu za mwanzo nilirudi na katoni karibu zote nilizokwenda nazo, chupa zimeota vumbi la barabara. Nikiwa kwenye matatu kutoka Busia nilikuwa na swali moja tu kichwani: safari hii nimefanya nini tofauti?

Jibu langu ni refu kuliko biashara yangu. Miaka kumi nimekuwa nikiangalia kampuni za nchi zinazoinukia kiuchumi, za India, China, Afrika Kusini, Botswana na zetu za hapa Kenya, zikienda ugenini. Baadhi zimeingia mpaka chumbani kwetu hatukusikia hata hodi. Nyingine zilikuja na matarumbeta, baada ya miaka mitatu zimefunga mlango na wafanyakazi wako barabarani.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili mnipinge vizuri. Anayesimama ugenini ni yule aliyebeba dawa ya shida anayoijua tangu nyumbani. Aliyebeba bango na deni huanguka, hata awe na pesa kiasi gani.

Naanza na mfano ulio mfukoni mwa karibu kila mtu pale soko la Kibuye: simu. Transsion ni kampuni ya Shenzhen, China, ilianzishwa mwaka 2006. Tecno, Itel na Infinix zote ni zake. China kwenyewe haikusumbuka kushindana na wakubwa, ilikuja Afrika. Na haikuja kutuuzia simu ya Mchina. Ilimwangalia mama wa samaki anayeamka saa tisa usiku, nyumba haina stima, ana laini mbili kwa sababu mtandao mmoja una bei nzuri na mwingine ndio unashika kwao kijijini. Ikamtengenezea simu ya laini mbili, yenye tochi, redio, na betri ya kukaa siku kadhaa. Mwaka 2011 ikafungua kiwanda Ethiopia. Mwaka 2019 ikauza hisa soko la Shanghai. Hayo yote kutokana na simu ambayo wakubwa wa Ulaya na Marekani waliiona ni kitu cha kutupa.

Nitaendelea.

#2 Fundi wa Odinga Street

Dada, hapo umenigusa, niko kwenye meza ya simu mwaka wa kumi na moja sasa. Wacha niongeze kitu ambacho mtu wa nje hakioni.

Simu ndogo ya Itel ukiifungua, skrubu zake ni za kawaida, bisibisi moja inatosha. Betri inatoka kwa kidole. Mdomo wa chaji ukilegea nakuwekea mwingine huku unasubiri, na spea iko pale pale mtaani. Tuna simu za kampuni kubwa kuliko hiyo ambazo kifuniko kimebandikwa gundi, unahitaji mashine ya joto, na spea usubiri Nairobi. Mteja wangu ni mwendesha boda, hawezi kukaa siku mbili bila simu, siku mbili hizo ni mkate wa watoto.

Jambo la pili ni kamera. Zamani ukipiga picha ya watu weusi jioni, unaona meno na macho tu. Tecno walikaa wakarekebisha programu ya kamera mpaka ngozi yetu ikatokea ilivyo. Watu wa Kondele walikuwa wanakuja kununua simu kwa sababu hiyo peke yake. Hakuna aliyetufanyia hivyo kabla yao, na naomba hilo likumbukwe.

#3 Nyar Kano (mwanzisha uzi)

Asante sana, ndugu. Hilo la skrubu sikulijua, na linafanana kabisa na lile la pikipiki.

Neno boda boda lilizaliwa huku kwetu, mpakani Busia, kwenye baiskeli za kuvusha watu na mizigo kati ya Kenya na Uganda. Baiskeli zikawa pikipiki hasa baada ya serikali kuondoa kodi ya pikipiki ndogo, zenye injini ya chini ya cc 250, mwaka 2008. Nani alikuwa tayari? Bajaj na TVS za India. Mjapani alikuwa na pikipiki nzuri sana, lakini ya bei ya watu wa mashirika na wamisheni. Mhindi alikuwa tayari anatengeneza pikipiki kwa ajili ya mtu wa kwao mwenye barabara mbovu, mafuta ghali, na familia nzima ya kubeba kwenye kiti kimoja. Boxer ya Bajaj ilipofika Kisumu haikuwa ngeni. Shida yake ilikuwa shida yetu. Fundi wa Kondele anaifungua injini chini ya mwembe na kuirudisha kabla ya jua kuzama.

Kwa hiyo naposema "dawa ya shida" sisemi mambo ya hewani. Kampuni ya nchi tajiri inapokuja hapa inashangaa: stima imekatika, mteja hana akaunti, barabara imekatwa na mvua. Kampuni ya nchi kama yetu haishangai, imelelewa hapo. Huo ndio mtaji ambao hauonekani kwenye vitabu vya hesabu.

#4 Mtoto wa Bondeni (Nakuru)

Heshima kwako Nyar Kano. Lakini usituache sisi wa Nakuru nje, maana somo lote la kuvuka mpaka na kuanguka lilitoka kaunti yetu.

Kaa uangalie. Nakumatt jina lake ni Nakuru Mattresses, duka la magodoro la mjini hapa. Tuskys ilianza Rongai. Naivas nayo mizizi yake ni Rongai hiyo hiyo. (Rongai ya Nakuru, njia ya kwenda Eldama Ravine, si ile ya Nairobi watu wanayoifikiria.) Yaani majina matatu makubwa ya rejareja nchini yametoka eneo unaloweza kulizunguka kwa pikipiki kati ya asubuhi na chakula cha mchana. Wazee walioyaanzisha walijua mteja anayenunua sukari robo. Walijua siku mshahara wa mashamba unapotoka. Huo ndio ule mtaji wako usioonekana.

Nakumatt ikaenda Rwanda mwaka 2008, halafu Uganda, halafu Tanzania. Mwaka 2014 ikachukua maduka ya Shoprite huko Tanzania. Tulijivuna, nakumbuka mzee wangu alikuwa anasema "wale ni watoto wa hapa". Ilikuwa na matawi zaidi ya 60 katika nchi nne. Kufikia Januari 2018 mahakama ilikuwa imeiweka chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe. Deni lilipita shilingi bilioni 30. Sehemu kubwa ya deni hilo ilikuwa ya watu wa kupeleka mkate, maziwa, sabuni. Maduka ya Uchumi nayo yalijiondoa Uganda na Tanzania mwaka 2015. Tuskys ikafuata kuanguka.

Naivas ilibaki nyumbani. Haikuvuka mpaka. Ilifungua mji baada ya mji humu humu nchini, na mwaka 2022 ni wageni waliokuja kwake, IBL ya Mauritius na wenzao, wakanunua asilimia 40.

Sasa nauliza: je, somo si kwamba tukae nyumbani tu?

#5 Nyar Kano (mwanzisha uzi)

Kaka, swali lako ni zito na limenichoma mahali penye kidonda.

Mimi nilikuwa napeleka siagi kwenye duka moja kubwa la hapa mjini, jina nalihifadhi. Walikuwa wanasema malipo ni siku 60. Zikawa 90. Zikawa "wiki ijayo, mama". Nikaendelea kupeleka kwa sababu ukisimamisha mzigo, ile nafasi ya rafu inapewa mwingine. Walipofunga walikuwa na shilingi 412,000 zangu. Nilifukuza wasichana wawili waliokuwa wanachambua njugu, na mmoja wao alikuwa ameanza kulipia masomo ya mdogo wake. Bado namwona akikunja eproni yake na kuiweka juu ya gunia.

Tangu siku hiyo nimeelewa jinsi upanuzi mwingine unavyolipiwa. Rafu inauza leo taslimu, msambazaji analipwa baada ya miezi mitatu, na hiyo pesa ya katikati ndiyo inayojenga tawi jipya. Ni mkopo usio na riba kutoka kwa watu wadogo. Ukiwa mji mmoja unaweza kuurudisha haraka. Ukiutumia kufungua nchi ya pili, ya tatu, yenye kodi ya pango ya dola na wateja usiowajua, basi siku mauzo yanaposhuka kidogo kila kitu kinadondoka kwa pamoja. Nakusudia kusema kwamba kuvuka mpaka peke yake hakujaua mtu. Wanaovuka kwa pesa ya msambazaji ndio wanaokufa, na wanatuvuta nasi.

Tena angalia upande wa waliokuja kwetu. Choppies ya Botswana ilianza mwaka 1986 kwa duka dogo mji wa Lobatse, ikakua vizuri kusini mwa Afrika. Mwaka 2015 ikakubaliana kununua maduka ya Ukwala, jina ambalo sisi wa Kisumu tumekua nalo. Ikabadilisha bango. Kufikia 2020 ilikuwa imeondoka Kenya. Shoprite, kampuni kubwa kuliko zote za rejareja Afrika, ilifungua Kenya Desemba 2018 na kufikia mwanzo wa 2021 ilikuwa imefunga. Hawa hawakukosa pesa. Walikuta mteja ambaye tayari anahudumiwa na mama mboga mlangoni, kibanda kinachomkopesha kwa daftari, na soko la Jubilee. Walileta duka zuri kwa mtu ambaye shida yake haikuwa kukosa duka.

#6 Mhasibu wa Milimani

Nafuatilia kwa makini. Naomba nilete M-Pesa hapa kwa sababu inathibitisha hoja yako na kuichanganya pia.

Ilianza Machi 2007 hapa Kenya. Shida ilijulikana: kijana yuko Nairobi, mama yuko Siaya, pesa inatumwa kwa dereva wa basi ndani ya bahasha. Tanzania ilipokelewa mwaka 2008, ikachukua muda kidogo, ikashika. Afrika Kusini ilianza 2010, ikafungwa 2016. India ilianza 2013, ikafa 2019. Teknolojia ni ile ile, jina ni lile lile. Afrika Kusini watu wengi walikuwa tayari na akaunti za benki, ile shida ya bahasha haikuwa na uzito huo. India sheria iliwafunga kwenye ubia na benki, na washindani wa huko walikuwa wengi.

Kwa hiyo dawa ya shida inafanya kazi pale tu mgonjwa ana ugonjwa huo. Safaricom na wenzake walipokwenda Ethiopia walilipa dola milioni 850 kwa leseni mwaka 2021, wakawasha mtandao Oktoba 2022, na M-Pesa ikaanza Agosti 2023. Kule walikuta kampuni ya serikali yenye huduma yake ya pesa kwa simu tayari. Ni mtihani mgumu.

Nyingine ya kuangalia ni Airtel. Bharti ya India ilinunua biashara ya Zain Afrika mwaka 2010 kwa dola bilioni 10.7. Wakaja na hesabu ya India: shusha bei, watu wapige simu nyingi, faida itoke kwenye wingi. Mnakumbuka mwaka huo gharama ya kupiga simu ilivyoporomoka mpaka shilingi 3 kwa dakika? Sisi wateja tulifurahi. Lakini Kenya haina watu bilioni, wala minara yake haijasongamana kama ya India, na Safaricom alikuwa na M-Pesa iliyomfunga mteja hata bei ya mwenzake ikiwa chini. Airtel iliumia miaka mingi kabla ya kupata pumzi. Waliijua shida ya nyumbani vizuri, wakadhani ya kwetu ni hiyo hiyo.

#7 Mpakani Busia

Mimi ni mama wa mpakani, navusha nguo na mayai. Ninyi mnaongea bilioni, wacha niwape ya chini.

Kituo cha pamoja cha mpaka kilipozinduliwa mwaka 2018 mambo yalibadilika. Zamani ungegonga muhuri upande huu, unatembea, unapanga foleni upande ule. Sasa mara moja. Na kwa mzigo usiozidi dola 2,000, wa bidhaa zilizotoka Afrika Mashariki na zilizo kwenye orodha, kuna cheti rahisi cha asili ya bidhaa, unajaza hapo hapo. Lakini ukienda leo utawaona akina mama wanapita njia za panya na beseni kichwani, kwa sababu hakuna aliyewaambia, au kwa sababu waliambiwa na mtu aliyetaka chai.

Nyar Kano, ulipitaje na hizo chupa? Ndiyo ninachotaka kujua.

#8 Nyar Kano (mwanzisha uzi)

Mama yangu, nilipita mlango wa mbele, lakini ilinichukua mwaka mzima kuufikia.

Karatasi ya asili ilikuwa rahisi kama unavyosema. Ugumu ulikuwa sumukuvu. Njugu ikivunwa kwenye mvua ikawekwa kwenye gunia mbichi, inaota ukungu, na ule ukungu unaacha sumu ambayo haitoki yote hata ukikaanga. Kiwango cha Afrika Mashariki ni sehemu 10 kwa bilioni kwa jumla, na 5 kwa ile aina mbaya zaidi. Ulaya ni kali zaidi, 4 na 2 kwa njugu ya kuliwa moja kwa moja. Sampuli yangu ya kwanza maabara ilisoma 14.

Nililala vibaya usiku ule. Nilikuwa nimewalisha watu hicho kitu kwa imani safi kabisa.

Asubuhi tulimwaga gunia moja mezani, tukaanza kuangalia punje kwa punje. Njugu mbaya huijui kwa mbali. Ishike: ngozi imekunjamana, haing'ai, ukiipasua katikati kuna mstari wa kijivu au njano chafu. Gunia la kilo 50 lilitoa karibu kilo tatu za kutupa. Halafu nikaenda kwa wakulima wa Ndhiwa, nikawanunulia maturubai kumi na mbili, nikawaambia njugu iliyokaushwa juu ya turubai naongeza shilingi tano kwa kilo, iliyokaushwa chini sinunui. Msimu uliofuata maabara ilisoma 3.

Sasa sikilizeni kilichonishangaza. Nilidhani hiyo ni gharama ya kupita mpaka tu. Kumbe ndiyo iliyokuwa bidhaa yenyewe. Mwenye duka Mbale aliniambia siagi haimsumbui, njugu anazo tele. Alichotaka ni ile karatasi ya maabara, kwa sababu shule za bweni zinazonunua kwake zimeanza kuiuliza. Safari tatu nilikuwa nauza ladha na bei kwa watu wenye njugu zao na vinu vyao. Safari ya nne niliuza usalama kwa matroni wa shule, wiki moja kabla ya muhula kufunguliwa. Katoni 40 ziliisha siku mbili.

Mnakumbuka Machi 2021 serikali yetu ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hii hii, malori yakajipanga Busia na Namanga? Baada ya siku chache ikalegeza kwa masharti. Aliyekuwa na karatasi zake alipita kwanza. Viwango ni ukuta kwa asiyejiandaa, na kwa aliyejiandaa ni ukuta unaomzuia mshindani wake.

#9 Masaba (Mbale)

Nimesoma yote kimya kimya, sasa nami nazungumza kama mtu wa upande wa pili.

Ndugu zetu wa Kenya, mna bidii, hilo tunakubali. Lakini mnakuja na haraka. Mnashusha mzigo, mnaacha namba ya simu, mnaondoka siku hiyo hiyo. Mganda anataka mkae, mle, muulize habari ya nyumbani. Benki yenu ya Equity ilipoingia Uganda mwaka 2008 ilinunua taasisi ya mikopo midogo iliyokuwa tayari na watu na matawi yake. Congo ilifanya vivyo hivyo, 2015 ikanunua benki iliyopo, 2020 ikanunua nyingine kubwa. Hiyo ni kuingia kwa mlango wa mwenye nyumba.

Jambo la pili linauma, lakini litasemwa. Soko huria mnalipenda likielekea huku. Maziwa yetu ya Lato yalipoanza kupendwa kwenu, Januari 2020 yalikamatwa. Mayai yetu, kuku wetu, kila mara kuna sababu. Kampuni ya Uganda ikitaka kukua nje, soko lake la kwanza ni ninyi, na mnajua hivyo.

#10 Omwana wa Mumias

Masaba umesema kweli, na mimi nitaongeza ushahidi dhidi yetu wenyewe.

Mumias Sugar ilikuwa fahari ya magharibi nzima. Shule, hospitali, timu ya mpira, vyote vilizunguka pale. Mwaka 2001 iliingia soko la hisa, baba yangu alinunua. Ilikufa pole pole mbele ya macho yetu, miwa ikikauka shambani. Sukari yetu ilikuwa imekingwa miaka mingi dhidi ya ile ya nchi za COMESA (soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika), tukiambiwa tutumie nafasi hiyo kujirekebisha. Hatukujirekebisha. Na Desemba 2021 aliyepewa kiwanda kwa ukodishaji wa miaka 20 ni Sarrai Group ya Uganda. Kesi zikafuata, sitaziingia.

Kinga ya serikali haikutufundisha kushindana, ilitufundisha kusubiri. Waganda walishindana kwao bila kulelewa hivyo, na ndio walioweza kuja. Hata mashamba ya chai ya Kericho yaliyokuwa ya Waingereza tangu ukoloni, mikataba ya 2023 na 2024 ilielekea kwa Browns ya Sri Lanka. Nchi yenye madeni na misukosuko, lakini chai wanaijua mpaka mizizi.

#11 Mtoto wa Bondeni (Nakuru)

Na mimi nina la Eveready, kiwanda cha betri hapa Nakuru. Kilifunguliwa 1967, kikafungwa 2014. Jirani yetu alifanya kazi pale maisha yake yote. Watu husema kiliuawa na betri za bei rahisi kutoka China, na ni kweli. Lakini nilipomsoma Nyar Kano kuhusu tochi ya simu, nilisimama. Betri zile kubwa zilikuwa za tochi na redio. Simu ya Itel ina tochi na redio ndani yake, na inachajiwa kwa sola ya jirani! Naona kilichokimaliza kiwanda hakikuwa betri tu. Shida ya giza ilipata dawa nyingine, na mwenye dawa ya zamani hakuangalia nyuma.

#12 Fundi wa Odinga Street

Mtoto wa Bondeni, hilo la betri nimelisoma mara mbili.

Lakini dada, nina pingamizi moja. Kampuni za China zina benki za serikali nyuma yao, za India zina soko la watu zaidi ya bilioni la kujifunzia. Sisi tuna nini? Usiwape vijana matumaini ambayo hayana miguu.

#13 Nyar Kano (mwanzisha uzi)

Pingamizi ni halali, sitaliruka. Mkopo wa bei nafuu ni silaha, na sisi hatunayo. Nilipokwenda benki kuomba pesa za mashine ya tatu niliombwa hati ya shamba. Shamba ni la baba, na baba ana watoto saba.

Lakini angalia samaki. Miaka ya tisini viwanda vya minofu hapa Kisumu vilikuwa vinapeleka mbuta (sangara) Ulaya, pesa ya kigeni inaingia, soko la dunia tayari limefunguka. Kati ya 1997 na 2000 Ulaya ilizuia samaki wa ziwa hili mara kadhaa, mara usafi, mara kipindupindu, mara sumu ya kuulia samaki. Viwanda vingi havikupona vizuri, na samaki wenyewe wakapungua. Nini kilibaki mikononi mwetu? Nenda Obunga uone. Wanawake wanakaanga mgongo wazi, mifupa iliyobaki baada ya mnofu kwenda, kichwa na uti wa mgongo. Mbuta wetu aliuzwa Ulaya miaka yote hiyo, na hakuna mnunuzi wa kule aliyejua jina la kiwanda hata kimoja cha Kisumu. Tulikuwa nje ya nchi, lakini tulikwenda kama malighafi. Siku mnunuzi alipofunga mlango hatukuwa na mteja anayetutafuta kwa jina.

Ndiyo maana sitaki kupeleka njugu kwa magunia, ingawa nimeombwa mara mbili, na bei ilikuwa nzuri. Nataka chupa yenye jina, hata iwe katoni 40. Hiyo ndiyo miguu niliyo nayo, ndugu yangu. Ni mifupi, naikubali.

Masaba, la maziwa ya Lato linaniuma kama Mkenya, na nimemweleza hivyo hivyo afisa mmoja kwenye mkutano wa wafanyabiashara hapa. Hilo la kukaa na kula nimelipokea pia. Safari ijayo nalala Mbale siku mbili.

#14 Masaba (Mbale)

Karibu sana, dada. Na sikiliza, usiishie Mbale. Panda Soroti, nenda mpaka Lira. Kule hawaiti siagi ya njugu, wanaita odii, na njugu peke yake hawaitaki. Lazima kuwe na simsim (ufuta) ndani. Mama mkwe wangu anatoka huko, akionja ya kwako atasema haijaiva.

#15 Nyar Kano (mwanzisha uzi)

Masaba, umenipa kazi ya usiku. Nilinunua kilo nne za simsim Kibuye jana baada ya kusoma ujumbe wako. Ukiikaanga pamoja na njugu inaungua, ni ndogo mno, kwa hiyo tumeikaanga peke yake kwa moto wa chini, mpaka ianze kuruka, tukachanganya wakati wa kusaga mara ya pili. Theluthi moja simsim. Rangi imekuwa nzito na harufu imejaa stoo nzima, wasichana hawataki kurudi nyumbani. Sampuli nimepeleka maabara leo asubuhi, sitauza hata kijiko kabla ya majibu.

Mpakani Busia, mama, naomba uniangalizie kama simsim iliyochanganywa inakaa kwenye orodha ile ile ya cheti rahisi au inahitaji karatasi nyingine. Majibu ya maabara yakiwa mazuri mzigo unaondoka Alhamisi. Masaba, chupa tatu nimeweka kando, zina alama ya kalamu nyekundu kwenye kifuniko. Ya kwanza ni ya mama mkwe, usiifungue wewe.